Radi imepiga alasiri, banda la karafuu limewaka usiku. Yawezekana? (Pemba)

Mtoto wa Sakafuni

Assalaam alaykum wakuu. Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, leo nina shida yangu mwenyewe. Naomba wenye ujuzi wa radi, umeme na moto wanisaidie. Uzi ni mrefu, mwenye sufuria jikoni akaitoe kwanza.

Shamba letu liko kaskazini mwa Pemba, wilaya ya Wete, nusu saa kwa miguu kutoka barabara ya lami. Ni eka tatu alizopewa babu katika ule mgao wa baada ya Mapinduzi. Kuna mikarafuu, minazi kiasi, migomba na muhogo wa kula. Baba alifariki mwaka jana. Tumebaki mama, kaka yangu mkubwa aliyeko Maskati, dada yangu, na mimi kitinda mimba ninayekaa shambani.

Banda lilikuwa la boriti na makuti, kuta za udongo pande tatu, upande wa nne wazi unaangalia sakafu ya kuanikia. Ndani mlikuwa na magunia 9 ya karafuu kavu juu ya chaga, magunia 4 ya makonyo (vikonyo vya karafuu), majamvi, ngoe, mapakacha, vikorokoro vya shamba. Nje, kona ya kusini, ndipo tunapofulia nazi. Kifuo kiko hapo na chungu ya makumbi (maganda ya nazi) inanifika kiunoni, imefunikwa na kipande cha paa kilichotokeza ili yasirowe. Hatua 8 kutoka kona hiyo kuna mnazi mrefu kuliko yote, aliupanda babu. Maksai wetu wa gari hufungwa chini yake kupata kivuli.

Najua mtauliza karafuu zilizokauka wiki mbili zinafanya nini bandani badala ya kuwa kituo cha kuuzia karafuu zimeshapimwa. Kaka alitaka ziuzwe akiwepo, mgao ufanywe mbele ya macho yake. Dada alitaka ziuzwe siku ileile zilipokauka. Mimi niko katikati, nikasema tusubiri. Basi tukasubiri.

Siku yenyewe jua lilichoma tangu asubuhi, hapana upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Baada ya alasiri wingu likapanda kutoka upande wa bara, jeusi kama chungu. Niliwahi kuzoa karafuu za jirani zilizokuwa juani sakafuni kwetu, nikakimbilia barazani. Nimekaa tu, kikombe mkononi, umeme na mlio vikaja pamoja, hakuna kilichotangulia. Haukuwa mngurumo. Ulikuwa kama ubao mkavu unapasuliwa ndani ya sikio. Soketi ya ukutani ikatema cheche, taa ikazima, mama akawa anasoma kwa sauti.

Tulipotazama, maksai alikuwa chini, amelala ubavu, miguu imekakamaa na jani bado liko mdomoni. Mnazi ulikuwa na mfereji toka juu hadi chini, upana wa kiganja, vipande vya gome vimerushwa mpaka sakafuni. Halafu mvua ikamwagika kiasi cha nusu saa, huoni mkono wako.

Ilipopunguka watu wakaja. Nyamafu hailiwi, na kumwacha ng'ombe mzima aoze mlangoni haiwezekani, kwa hiyo tukachimba. Shimo la ng'ombe lisikieni kwa watu. Watu 5, majembe 3, udongo wa mfinyanzi uliolowa, unanata kama gundi. Tulimaliza baada ya Isha. Muda wote huo banda liko mgongoni mwetu, hatua 20, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kulizunguka. Mvua imenyesha, nani anafikiria moto?

Saa tano na nusu usiku mama akaniamsha. Dirisha lilikuwa jekundu.

Wakuu, makuti hayawaki, yanavuma. Kisima kiko hatua 40, tulipanga mstari wa ndoo lakini ilikuwa kama kumtemea mate simba. Tulichoweza ni kulivuta nje gari la ng'ombe, kuokoa majamvi mawili, na kuvua makuti ya jiko la jirani kabla cheche hazijafika. Saa saba paa lote lilikuwa limeshaanguka ndani. Na ile harufu! Kijiji kizima kilinuka kama mdomo wa mtu aliyetiwa karafuu katika jino bovu. Mpaka leo nguo zangu zinanuka.

Hasara ya karafuu peke yake, magunia 9 ya kilo 50 kwa bei ya 14,000 kwa kilo, ni milioni 6 na laki 3. Makonyo, maksai na banda sijahesabu.

Sasa ndio nafika kwenye shida. Kaka nilimpigia alfajiri. Akanyamaza, kisha akasema: "Radi alasiri, moto usiku wa manane, na mvua katikati? Hiyo kawasimulie watoto." Siku ya tatu dada akasikia kwa wifi yetu kwamba kaka anasema karafuu ziliuzwa kwa magendo, zimevuka kwa mashua, na banda limechomwa tupu ili kufuta nyayo. Aliyeziuza ni mimi.

Moto umeniuma. Hili limeniuma zaidi. Naomba mniambie, yawezekana radi ipige saa kumi na moto utoke saa tano usiku? Na kama haiwezekani niambieni pia, nijue natafuta nini.

Darajani Mjini

Inna lillahi. Pole sana ndugu yangu, Mungu awape badala. Sina ujuzi, natia nanga hapa kusoma wajuzi.

Mshumaa

Pole mkuu. Usikasirike, lakini ningekuwa kaka yako na mimi ningeuliza. Mtu yuko mbali, mali ya urithi imo mikononi mwa mtu mmoja, halafu inageuka majivu usiku. Tuanze na yaliyo karibu. Hao waliochimba shimo walijikinga wapi mvua ilipokuwa inarudi rudi? Nani anavuta sigara?

Mtoto wa Sakafuni

Sikasiriki, ndiyo niliyoyaomba. Walijikinga barazani kwetu, si bandani. Anayevuta ni mmoja, na sigara zake zilirowa mfukoni. Aliniomba kiberiti changu, nacho kilikuwa kimerowa. Alilalamika mpaka tunamaliza shimo.

Mkaa Pwani

Nyinyi mnazunguka tu. Familia iko kwenye mirathi, radi inaacha minazi yote inachagua wa babu, inaua maksai, inachoma mali. Hiyo ni radi ya kutumwa. Na nyumbani mlifunika vioo? Kuna aliyevaa nguo nyekundu?

Mtoto wa Sakafuni

Shangazi yangu kasema kama wewe, neno kwa neno, na hata jina la mtumaji analo. Sitaki kulisikia. Nikimsikiliza nitakuwa namfanyia mtu mwingine kilekile ninachofanyiwa na kaka.

Binti Kojani

Ahsante kwa jibu hilo, mdogo wangu. Mkaa Pwani, Qur'ani ina sura nzima inaitwa Ar-Ra'd, radi, na aya ya 13 inasema radi inamtukuza Mola wake kwa kumhimidi. Kitu kinachomhimidi Mola wake unakitumaje kwa kitambaa chekundu na mayai? Vioo mama yangu pia akivifunika, nami nikimsaidia, lakini ilikuwa heshima kwa mama. Radi haiogopi kioo wala haikipendi. Imepiga mnazi huo kwa sababu umesema mwenyewe ni mrefu kuliko yote.

Bwana Mifugo

Naongelea ng'ombe tu, hayo mengine mtayamaliza wenyewe.

Maksai huyo si lazima radi imemgusa. Ikipiga mti, umeme unashuka na kutawanyika ardhini kuzunguka shina, nguvu inapungua kadiri unavyokwenda mbali. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana zaidi ya mita, kwa hiyo mguu mmoja unasimama penye nguvu nyingi na mwingine penye chache. Umeme unapanda huku unashukia kule, na katikati ndimo uliomo moyo. Ndiyo sababu ng'ombe wengi hufa pamoja chini ya mti mmoja huku mchungaji aliyesimama miguu pamoja akasalimika. Jani kubaki mdomoni ni dalili ninayoiona mara kwa mara, hufa hata kabla ya kutafuna.

Mlikuwa na mnyama mwingine karibu?

Mtoto wa Sakafuni

Mwanambuzi, kafungwa kama hatua 30 upande wa pili. Tulimkuta anakula kama vile hakuna kilichotokea.

Bwana Mifugo

Ndiyo hivyo. Na mlifanya vizuri kumfukia. Ila tafadhali, mnyama asifungwe tena chini ya mti mrefu msimu wa radi. Kivuli mtafutieni pengine.

Fundi Nguzo

Nimesoma mara mbili. Kazi yangu ni nyaya za majumbani, Unguja na Pemba, kama miaka 20 sasa. Nina maswali matatu, jibu bila kuficha kitu:

Bandani mlikuwa na taa? Kama ilikuwapo, waya ulitoka wapi na ulipita wapi? Na baada ya radi, waya huo uliuona?

Mtoto wa Sakafuni

Taa ilikuwapo, moja, ya kuchambulia karafuu usiku. Waya ulitoka nyumbani kwenye soketi ileile iliyotema cheche. Kwa kuwa masafa ni marefu, ulishikizwa katikati kwenye mnazi, kwa misumari iliyokunjwa, kisha ukaingia bandani kona ya kusini.

Waya sikuutazama. Nilikuwa na ng'ombe.

Fundi Nguzo

Mnazi upi?

Mtoto wa Sakafuni

Huohuo.

Fundi Nguzo

Basi ndugu yangu, radi mliitengenezea njia ya kuingilia.

Sikwambii ili nikuumize. Joto la radi ni kiasi cha nyuzi 30,000, kama mara tano ya uso wa jua. Ikishuka kwenye mti, maji ya ndani yanageuka mvuke papo hapo na gome linaruka, huo ndio mfereji ulioona. Njiani ikikuta kitu cha madini inakihamia, kwa sababu shaba inapitisha umeme kuliko mnazi. Imekuta misumari yako, ikaingia kwenye waya. Upande mmoja umekuja nyumbani ukapasua soketi. Upande wa pili umekwenda bandani. Waya wa taa ni mwembamba kama utambi, hauwezi kubeba mzigo huo, unayeyuka na kudondosha matone ya moto. Sasa niambie chini ya kona hiyo palikuwa na nini.

Mtoto wa Sakafuni

Makumbi.

Mshumaa

Sawa, hapo nimeelewa njia. Lakini bado saa 7 nzima! Na mvua imepiga. Tone la shaba limeanguka saa kumi, moto uanze saa tano?

Mzee wa Kusi

Wanangu, nimekuwa nikisoma kimya, mjukuu ananiandikia.

Huyu anayeuliza saa 7 hakulelewa shamba. Sisi tukiwa wadogo, kiberiti kilikuwa cha kununua na hela haikuwapo. Ukitumwa moto kwa jirani, unakwenda na kumbi. Unalichomeka jivuni mpaka lishike, unalibeba mkononi, unapita unacheza njiani, ukifika nyumbani ukilipuliza tu linaamka. Kumbi haliwaki. Linakula. Linakula ndani kwa ndani, polepole, na ukilitazama kwa nje utasema ni kumbi bichi.

Chungu ya kufika kiunoni yaweza kula usiku kucha, na siku ya pili pia. Mvua isingeifika kwa sababu mwenyewe umesema juu pana paa, na hata ingenyesha juu yake, maji yangerowesha ganda la juu, ndani pangebaki pakavu. Halafu usiku upepo wa mvua ukageuka, ukaipuliza ile chungu. Makuti yako juu yake. Yaliyobaki hayahitaji mwalimu.

Niliwahi kuona mnazi mwenyewe umepigwa jioni, kesho yake adhuhuri kilele kikatoa moshi.

Sasa nakuuliza, hakuna aliyesikia harufu? Makumbi yakiungua hayafichiki.

Mtoto wa Sakafuni

Mzee wangu shikamoo. Nimeliacha swali lako nikaenda kumwuliza mama kabla ya kujibu.

Mama anasema wakati anatia udhu wa Isha alisikia harufu ya moshi wa makumbi. Akasema moyoni, "Hao jirani leo wamewahi kufukizia mbu." Maana kila jioni hapa kwetu watu wanachoma makumbi mlangoni kufukuza mbu, na baada ya mvua ndio khasa. Akaswali, akalala.

Ameniambia hayo akalia. Tangu moto hakuwa amelia.

Binti Kojani

Mpe mama salamu zangu, mwambie hana kosa. Hata mimi ningesema hivyohivyo.

Darajani Mjini

Hapa ndipo uzi huu umenitoa machozi. Moshi wa kila siku.

Mshumaa

Mzee wa Kusi nimekubali, saa 7 si tatizo tena. Lakini mkuu, kaka yako hasemi tu kwamba haiwezekani. Anasema banda lilichomwa tupu. Hilo hulijibu kwa maneno ya Fundi wala ya Mzee. Magunia 9 hayapotei. Kitu kilichoshindiliwa huungua pembeni, katikati pumzi haifiki. Umeshafukua majivu?

Mtoto wa Sakafuni

Sijagusa. Nilikuwa naona kama kufukua kaburi. Kesho baada ya alfajiri.

Fundi Nguzo

Ukifukua, tafuta na waya. Usitupe hata kipande. Na ule mwisho uliobaki nyumbani uuchomoe kabisa, usije ukarudishiwa umeme na mita ukaungua wewe.

Mtoto wa Sakafuni

MREJESHO

Tumefukua leo, mimi, dada, na mzee mmoja wa mtaani niliyemwomba awe shahidi. Sheha naye alipita akasimama kidogo.

Paa lote lilikuwa limelala juu, jivu jepesi, ukilipiga pumzi linaondoka. Chini yake boriti nyeusi. Chini ya boriti kukawa na kitu kama mawe makubwa meusi yamepangwa safu. Nilidhani ni udongo wa ukuta. Dada akapiga jembe, likapasuka, na ndani pakatoka moshi mwembamba wa buluu. Siku ya tisa, wakuu, bado ina joto.

Yale mawe ni magunia. Gunia lenyewe limekwisha lakini karafuu zimeshikana kwa mafuta yake zikawa bonge moja. Kwa nje mkaa mtupu. Ukivunja ndani kidogo zinakuwa nyeusi lakini kila moja ina umbo lake, kikonyo na kichwa. Ukifika katikati, kama ujazo wa pishi moja, ni karafuu kabisa. Rangi ya kahawia iliyokoza, zimekauka kupita kiasi, ukizibana zinavunjika unga. Dada alitia moja mdomoni. Akasema bado inachoma ulimi.

Tulihesabu mabonge 9. Makonyo hayakuacha kitu, jivu tu.

Waya tumepata vipande vitatu. Kimoja mwisho wake una kipira cha shaba, kidogo kama punje ya mtama, duara kabisa. Kilikuwa kwenye kona ya makumbi. Fundi, nimekiweka kwenye kopo la dawa.

Fundi Nguzo

Kipira hicho ni shaba iliyoyeyuka. Moto wa banda nao unaweza kuyeyusha shaba ukiwa mkali, kwa hiyo peke yake hakithibitishi kila kitu. Lakini pamoja na soketi iliyopasuka, misumari kwenye mfereji wa mnazi, na harufu ya Isha iliyotangulia moto, mimi sina swali tena.

Mzee wa Kusi

Karafuu nzuri ina mafuta mengi, ndiyo maana hata makonyo yanapelekwa kiwandani Wawi kukamuliwa. Mafuta hayo ndiyo yaliyowaka vile, na ndiyo yaliyogandisha mabonge. Banda tupu lisingenuka kijiji kizima. Kaka yako kazaliwa Pemba, harufu hiyo anaijua. Mwambie aulize jirani yeyote usiku ule palinuka nini.

Darajani Mjini

Samahani kwa swali la kijinga, hizo za katikati zinauzika?

Mtoto wa Sakafuni

Haziuziki. Zina moshi, kituo hakizipokei na sitaki hata kujaribu. Mama kasema ziwekwe, tutachemshia chai.

Mwanachuo

Nimechelewa kuingia lakini kuna jambo halijaguswa. Kaka akikubali kwamba ni radi, bado atauliza, nani analipa? Mali ya warithi ikiwa mikononi mwa mmoja wao kwa ridhaa yao, hiyo ni amana. Kwa tulivyosomeshwa, mwenye kushika amana halipi ikiangamia bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea. Amri ya Mungu ni amri ya Mungu. Na kusubiri lilikuwa sharti la kaka mwenyewe.

Tatizo lako ni misumari. Mtu anaweza kusema kushikiza waya kwenye mnazi ni uzembe. Mwingine atasema ni desturi, nusu ya mashamba ya Pemba waya unapita mitini. Hilo halikatwi humu, hilo ni la kadhi kama mtafika huko. Naomba msifike.

Mshumaa

Ushauri wangu, huo waya usimfiche. Akija kuusikia kwa wifi, utakuwa umerudi ulipoanzia.

Mtoto wa Sakafuni

Nimelifikiria usiku kucha. Nitampigia Ijumaa baada ya swala, ana mapumziko.

Mkaa Pwani

Mimi bado nasema mnazi huo ulikuwa na jicho la mtu. Lakini pole, na Mungu awapatanishe.

Fundi Nguzo

Wakati tunasubiri Ijumaa, wale wenye mabanda someni hapa, maana nimeshapokea ujumbe wa watu wanne wanaoniuliza.

Bati haliiti radi na makuti hayaikimbizi. Radi inatafuta kilicho juu na kilicho peke yake. Tofauti ni kwamba makuti yakipigwa yanawaka. Kinga ya kweli ni fimbo ya shaba iliyo juu kuliko kila kitu, mkanda mnene wa shaba ushuke wima bila kona kali, uingie ardhini kwa vyuma virefu penye unyevu. Nondo moja iliyochomekwa nusu mita si kinga, ni pambo. Udongo wa mfinyanzi wa mashambani Pemba unapokea umeme vizuri. Huku Makunduchi, Unguja, kwenye jiwe na mchanga kazi ni kubwa zaidi. Na shaba inaibwa, hilo lipangieni.

Asiyeweza gharama hiyo, angalau waya usishikizwe mtini, chomoa kila kitu wingu likianza kupanda, na usijikinge bandani. Banda lililo wazi halikukingi na radi hata kama hurowi. Ukiona umeme, hesabu. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Hesabu ikiwa chini ya 30, uko ndani ya eneo lake, ingia nyumbani, na ukae nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na radi ikipiga kwako, zunguka. Ukimaliza, zunguka tena baada ya saa moja. Usiku amka uzunguke. Tia mkono chini ya makumbi, chini ya makuti, kwenye kilele cha mnazi tazama moshi.

Binti Kojani

Na aliyepigwa na radi mshikeni. Watu wanaogopa kumgusa wakidhani ana umeme mwilini. Hana. Kama hapumui mpulizieni na mbonyezeni kifua mpaka gari lifike.

Mtoto wa Sakafuni

MREJESHO WA MWISHO

Nimeongea na kaka kwa muda wa saa nzima. Nilimtumia kwanza picha za mabonge, la mwisho likiwa limepasuliwa, na karafuu nzima kwenye kiganja cha dada. Akapiga mwenyewe.

Kuhusu magendo hakutamka neno. Aliuliza kama mzee shahidi anaweza kuongea naye, nikasema hata sasa hivi, akasema basi haina haja.

Nikamwambia habari ya waya. Nikamwambia yote, misumari, mnazi, makumbi, harufu ya Isha. Nikasema kama ni uzembe basi ni wangu, na fungu lake nitalilipa kidogo kidogo kwa misimu inayokuja.

Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekata. Kisha akasema, "Misumari ile niliipiga mimi. Mwaka niliokuja likizo. Wewe ulishika ngazi."

Wallahi nilikuwa nimesahau. Sasa nakumbuka hata alivyokuwa ameitia misumari mdomoni, baba yuko chini anamwambia asije akaimeza.

Hakusema samahani na mimi sikuidai. Hesabu ya fungu lake bado ipo, kasema tutaizungumza akija mwezi wa Ramadhani. Kaomba kuongea na mama. Waliongea chumbani, mlango umefungwa.

Mzee wa Kusi, swali la mwisho kwako. Mnazi makuti yake yote yameinama kama mwavuli uliovunjika, na ile miwili iliyo karibu nao inatoa utomvu mwekundu shinani. Itapona?

Mzee wa Kusi

Haiponi. Mnazi una moyo mmoja tu, uko kileleni, ukiungua umekwisha. Na hiyo ya karibu ilipigwa pamoja nao, umeme ulipita ardhini, itafuata mwezi mmoja au miwili. Ikate kabla upepo haujaiangusha juu ya nyumba. Shina litakupa boriti za banda jipya.

Mtoto wa Sakafuni

Tumeukata jana. Kilele kilikuwa kimeoza, kinanuka kama tembo la mnazi lililochacha. Misumari minne ilikuwa bado imo, tumeing'oa.

Fundi Nguzo

Nina kazi Konde Jumatano, saa nne nitapita kwako kwa honda. Hela ya ufundi sitaki, nitengeeni chai ya hizo karafuu. Ngazi iwe tayari, na nguzo mbili za kuchimbia, waya wa taa hauendi tena mtini.